Sibeti na Paja la Mtani Wake

Sibeti Badji alikuwa mwanamke mfupi ambaye mdomo wake ulifika kila mahali kabla yake. Alikuwa Mjola wa jimbo la Casamance, mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya mji wa Mbour, na kuishi kati ya Waserere, watani wake wa jadi, kulimfurahisha kama fisi aliyekabidhiwa bucha.

"Mtumwa wangu, umekula wali wa watu wangapi leo?" Ndivyo alivyomsalimu Mbagnick Ngom, Mserere bingwa wa mieleka, pande la mtu ambalo hata meneja wake alisema nalo kwa kunyenyekea.

"Nimekula wa kwenu, ndiyo maana sijashiba. Wajola mnapika kwa kuhesabu punje!"

Utani ni utani. Anayenuna ndiye aliyeshindwa.

Msuli wa nyuma ya paja la Mbagnick ulikuwa umechanika vibaya mazoezini. Daktari na Sibeti walikubaliana kwamba kisu hakihitajiki, ila subira, dawa ambayo hakuna mwanamieleka anayeipenda. Kila asubuhi Mbagnick alipiga magoti mkekani, Sibeti akamkalia vifundo vya miguu, naye akajishusha mbele taratibu, paja likijifunza upya kuubeba mwili.

"Polepole! Unaanguka kama gunia la mtama!"

Mbagnick alitoka jasho mpaka hirizi zake zikalowa.

Paja likaanza kupona. Kukimbia aliweza. Kuruka na kutua kwa mguu mmoja, bado kabisa. Hapo ndipo Latir, meneja wake, alipotangaza siku ya bingwa kujionyesha kwa mashabiki, na mwanamieleka hajionyeshi bila kucheza ngoma. Sibeti akamwomba aahirishe.

"Dada yangu, watu washasema amekwisha," Latir alisema. "Asipocheza, nani atampa pambano?"

Sibeti akaenda uwanjani roho mkononi. Ngoma zikapamba moto, Mbagnick akaingia akitupa mikono, vumbi likitimka. Alipoinua mguu, Sibeti aliliona paja likitetemeka. Mruko mmoja tu, na kazi yao yote ingekwenda na maji.

Akajitosa katikati.

"Wee Mserere! Nani kakuruhusu kucheza? Bwana wako hajala, wewe unarukaruka? Keti chini!"

Uwanja ukaangua kicheko. Mbagnick hakucheka. Alimtazama tu, na Sibeti akaingiwa na hofu ya kweli, maana kumtania mtu mkekani si sawa na kumtania mbele ya mji mzima. Kisha lile jitu likaketi mchangani na kufungua viganja.

"Bwana wangu kasema. Mlitaka nifanyeje?"

Watu walishangilia kuliko ambavyo wangeshangilia ngoma yenyewe. Wapigaji ngoma wakamgeukia Sibeti, wakamlazimisha acheze yeye, naye akacheza vibaya sana, kwa moyo wote. Alipomkaribia Mbagnick, akashikwa pindo la gauni. Macho ya bingwa yalikuwa yamejaa machozi.

"Dada," alinong'ona, na hakuwa amewahi kumwita hivyo, "ulikuwa wapi? Msuli unanivuta tangu ngoma zilipoanza, na sikujua nitaachaje mbele ya watu hawa."