Pamba Iliyopungua Mchana

Inshirah binti Mutawalli hakuwahi kuipa mgongo kazi ya mtu mwingine. Muuza maziwa alipompimia, yeye alisubiri povu lishuke kwanza ndipo apokee chombo chake. Mwenye kinu alipomrudishia unga, aliutia kidole na kuuonja mbele ya macho yake. Katika kijiji chao cha kando ya mfereji, mwendo wa saa moja kwa punda kutoka mji wa Mahalla, watu walimwita Mizani asipokuwepo, na wengine hata akiwepo.

Hakuzaliwa na tabia hiyo. Alipoolewa, baba yake alitoa pamba safi ya shamba lake, na fundi mmoja mpita njia akamshonea mifarishi mitatu ya kujifunika wakati wa baridi, yenye kitambaa cha atlasi nyekundu juu na mishono ya maua iliyopendeza macho. Mwaka wa pili mfarishi mmoja ulipasuka. Mama mkwe wake akatia mkono ndani, akatoa matambara yaliyochakaa pamoja na soksi kuukuu ya askari. Soksi ile ilitembezwa nyumba kwa nyumba. Kwa miaka ishirini na miwili, hata baada ya mumewe kufariki, kila alipogombana na mwanamke mwenziwe huko mferejini aliulizwa kama ameshaipata ya pili yake.

Basi posa ya Awatif, binti yake wa pekee, ilipokubaliwa, Inshirah aliapa kwamba mwanawe atatoka nyumbani na mifarishi mitatu ya pamba tupu. Pamba aliiweka akiba mwenyewe, msimu baada ya msimu, katika fungu lake la uchumaji. Wenziwe walihifadhi pamba zao juu ya paa, penye upepo. Yeye aliona kwamba paa hupakana na paa, na mkono wa jirani ni mrefu. Akaificha katika chumba cha chini, akafunga kwa kufuli, na ufunguo akaufundika kwenye ncha ya shungi lake.

Fundi Dardiri, mshonaji wa mifarishi, alifika siku ya Jumatatu, mwishoni mwa Oktoba, wakati mavuno yamekwisha na mvua haijaanza. Kazi yake hufanywa nje, mlangoni pa bibi harusi, ili kila apitaye ashuhudie kinachotiwa ndani ya mfarishi. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mpole wa maneno; na upole huo ndio uliomtia Inshirah wasiwasi wa kwanza. Alitandika mikeka kichochoroni, akauegemeza ukutani uta wake mrefu wa kuchambulia pamba.

"Kabla hujagusa kitu, tupime," Inshirah alisema.

"Tupime, Mama Awatif. Pamba yako, mizani yako. Changu mimi ni mkono tu."

"Huo mkono ndio ninaouogopa."

Mama Rajabu, jirani wa mlango wa pili, aliangua kicheko akianika nguo zake. "Mwache mwanamume wa watu anywe chai kwanza, we mwanamke!"

"Atakunywa. Na mimi nitamtazama akinywa."

Pamba ya mifarishi ilitimia ratli thelathini kamili. Fundi akaitandaza juani, akauweka uta juu yake, akawa anaugonga ugwe kwa nyundo ya mti. Ugwe ulinguruma, na pamba iliyokuwa imeshikamana kama unga uliolowa ikafumuka, ikaruka, ikatua nyeupe kama povu. Inshirah aliketi hatua mbili kutoka hapo, lakini uzuri huo hakuuona. Aliona mikono mipana ya kanzu ya fundi. Aliona kwamba mara mbili aligeuka na kumpa mgongo, na kwamba mara moja alikung'uta upindo wa kanzu pasipo sababu. Adhuhuri ilipoadhiniwa, fundi alikwenda msikitini, na mkoba wake akaenda nao.

"Mtu anasali na mkoba?" Inshirah alimuuliza Mama Rajabu kwa sauti ya chini.

"Labda anaogopa wezi, dada yangu."

"Na wezi je, wanaogopa nini?"

Fundi aliporudi, mizani ilikwisha kutundikwa. Walipima pamba yote iliyochambuliwa, furushi baada ya furushi. Ikawa ratli ishirini na sita na nusu.

"Mwizi!" Inshirah alipaza sauti hata waliokuwa wakitoka msikitini wakasimama. "Ratli tatu na nusu kwa nusu siku! Jamani, njooni mwone! Mwizi!"

Dardiri aliumimina mkoba wake juu ya mkeka: sindano, subana, mipira ya uzi, nusu mkate na kipande cha jibini. Kisha akaanza kuulegeza ugwe wa uta wake.

"Unakwenda wapi?" Inshirah aliuliza.

"Nyumbani. Kwa jina ulilonipa, sina kazi tena kutoka hapa hadi Mahalla."

Awatif alitoka mbio, macho yamemwiva. "Mama! Keshokutwa mkokoteni unakuja kuchukua vyombo. Fundi gani atakubali kuja baada ya haya? Niende kwa watu na nini? Au na mimi unanitafutia soksi yangu?"

Neno hilo lilimchoma Inshirah mahali palipokuwa na kovu. Fundi naye, akiisha kufunga uta, aliliona gunia la pili pale kizingitini, la pamba ya godoro, ambalo lilikuwa halijafunguliwa. Alitia mkono, akafumba ngumi, akanusa.

"Pamba hii ililala wapi?"

"Hayakuhusu."

"Chumba cha chini," alisema Awatif.

"Kile chumba?" Mama Rajabu alishika kiuno. "Ukuta wake unakunywa maji ya mfereji tangu enzi za babu yenu! Hata chumvi humo hulia."

Dardiri alirudi nyuma hatua kadhaa. "Mama Awatif, pima ratli kumi kutoka gunia hili. Itandaze mwenyewe, uilinde mwenyewe. Mimi nitakaa kule ng'ambo, mikono juu ya magoti. Alasiri tutapima."

Inshirah akapima, akatandaza, akalinda. Alimfukuza kuku. Alimfukuza mbuzi. Mama Rajabu alipopita kuchukua nguo zake, aliambiwa azunguke upande wa pili. Fundi alikaa ng'ambo, mikono juu ya magoti, akitazamana na ukuta. Jua lilikuwa safi, hakuna wingu, na pamba ilizidi kuwa nyeupe chini ya macho ya mwenyewe.

Alasiri ilikuwa ratli tisa. Inshirah alibadilisha mawe ya mizani, ikawa tisa. Aliazima mizani ya Mama Rajabu, akaitilia shaka nayo, akapima, ikawa tisa. Midomo yake ilihesabu polepole: kumi imetoa moja, basi thelathini hutoa tatu. Hofu yake ya majirani ndiyo iliyoilowesha pamba, na jua la Mungu lilikuwa limechukua maji yake tu.

"Na ile nusu?" aliuliza, kwa sauti ambayo haikuwa na nguvu.

"Jipapase kichwani," alisema fundi.

Alijipapasa. Shungi lake jeusi lilikuwa limejaa vumbi la pamba. Nyusi zake nyeupe, kope zake nyeupe. Kamba ya nguo ilikuwa nyeupe, na punda aliyefungwa mwisho wa kichochoro alikuwa na mgongo mweupe kama kichwa cha mzee.

"Umezeeka tangu asubuhi, mwenzangu!" Mama Rajabu alicheka hadi akaketi chini, na kichochoro kizima kikacheka naye.

Dardiri hakucheka. "Uliniita mwizi hadi msikitini kukasikika. Neno la pili nalo lifike huko, ndipo nitashona."

Inshirah hakuwa amewahi kulirudisha neno lake maishani. Alimtazama Awatif, aliyekuwa ameikumbatia atlasi ya mfarishi wa kwanza kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Akapanda kizingitini.

"Sikieni, enyi watu! Pamba yangu imetimia! Fundi Dardiri mkono wake ni safi!" Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Mpaka sasa."

"Mpaka sasa inanitosha," alisema fundi. Akavaa subana kidoleni, akamwomba Awatif aitandaze atlasi. Jua lilikuwa limebaki la kama saa moja na nusu. Kabla halijazama, mistari minne ya mshono wa kwanza ilikuwa imekwisha kupita, na Inshirah alikuwa ameihesabu yote.