Chupa ya Mwisho ya Urani

Hadithi hii hamtaiamini, na wala sitawabembeleza. Hapa mjini Berat nimeitwa mwongo tangu sijaota ndevu, nami nimezoea.

Urani, mjane wa mtaa wa Gorica, ng'ambo ya mto, alibakiwa na chupa moja ya gliko: jozi changa, matunda ya mti wa mjozi, zilizopikwa kwa sukari na karafuu mpaka zikang'aa kama macho ya paka. Chupa hiyo ilikuwa ya Jumapili, siku ambayo wazazi wa mchumba wa mwanawe, Petraq, wangekuja kuiona nyumba. Kwetu mkwe hupokewa kwa kijiko cha gliko ya mkono wa mama mwenye nyumba. Ukimpa ya dukani, utasemwa mpaka wajukuu waoe.

Jumanne wakatokea Wapolandi wawili, Bogdan na mkewe Halina, wanatweta, wameipoteza njia ya darajani. Urani angewaachaje juani? Nyumba ni ya Mungu na ya mgeni. Akawakalisha chini ya mzabibu, akafungua kabati, na kitamu kilichokuwamo ni ile chupa tu. Akajiambia, kijiko kimoja kimoja, basi.

Sasa Bogdan, aliyelelewa vizuri, akakimaliza kisahani asije akamdharau mwenyeji. Urani, naye kalelewa vizuri, akiona kisahani kitupu anajaza. Huyu anamaliza, huyu anajaza. Adabu mbili zikapigana mieleka, aliyeangushwa ni chupa: ikabaki tupu.

Petraq aliporudi akashika kichwa, akawamwagia wageni habari yote kwa Kiitaliano chake cha kuungaunga. Mama yake akamkata jicho.

"Mgeni haambiwi alichokula, mwanangu. Umenivua nguo."

Wageni wakaondoka wamejiinamia. Mjozi wa uani ulikuwa na matunda ya kijani, ganda bado laini, sindano inapenya, lakini Urani ana baridi yabisi. Vidole vyake havishiki kisu kwa muda mrefu. Petraq naye, mkimpa jozi amenye, atawarudishia kidole. Mama akaanza kujizoeza aibu.

Jumatano asubuhi mlango ukagongwa. Ni wale wale, waliopaswa kuwa ndani ya basi la pwani, na kila mmoja kashika kisu. Wakamenya hadi mchana, mikono ikawa myeusi tii, weusi usiojua sabuni. Urani akaloweka, akabadilisha maji siku baada ya siku, akatia maji ya chokaa, akapika. Walipoaga hakuwa na neno la lugha yao, akaibusu mikono ile myeusi, mmoja baada ya mwingine.

Jumapili mkwe akaja. Akatia kijiko kinywani, akafumba macho, machozi yakamtiririka mpaka kwenye tai, akapiga magoti mbele yangu akasema tangu azaliwe hajawahi...

"Alisema 'nzuri', Llazo," Urani, aliyeketi pembeni akinisikiliza, akanikatiza, hata kufuma hakuacha. "Alisema hivyo tu. Aliyelia ni mimi."