Sponji ya Godoro la Mzee

Tangu miguu imkatalie, baba yangu alikuwa na ombi moja, na hata hilo alikuwa analitoa kama amri. Anataka kwenda Zombo kumwona dada yake, na anataka kwenda na pikipiki yake mwenyewe.

Nilimwambia bodaboda zimejaa Kilosa mpaka zinagombania abiria, na bajaji zipo. Akasema yeye sio gunia la mkaa. Pikipiki hiyo ndiyo iliyompeleka shangazi Zombo siku anaolewa, kakaa upande, begi kalipakata, na hiyo hiyo ndiyo itampeleka yeye akamuage. Shangazi naye magoti yamekwisha, haendi popote. Walikuwa wanaongea kwenye simu tu, tena simu naishika mimi, maana mzee akipewa anaiweka mdomoni kama anakula muhindi.

Pikipiki yenyewe ni ya zamani, ndefu, ya milimani, matairi yana meno. Waliiacha wapima barabara, enzi mzee ni kibarua wao. Mimi nikiipanda miguu inaning'inia kama mtoto kwenye kiti cha kinyozi. Sasa ilikuwa inawaka, inakohoa, inazima. Mzee alikuwa amelala barazani, akasikiliza, akasema fungua eaklina, ile sponji inayochuja vumbi kabla hewa haijaingia kwenye injini.

Shule niliishia kidato cha pili, tukiwa ndio tunaanza panzi anavyopumua. Kwa hiyo panzi namjua nusu, na injini naijua nusu. Nikafungua kifuniko cha ubavuni, nikatoa sponji nyeusi kama ini, nikaiosha kwa mafuta ya taa, halafu maji ya sabuni.

"Binya, usisokote," mzee akasema. "Hiyo sio kanzu."

Nikabinya. Ikayeyuka yote mkononi, ikabaki uji mweusi. Nikamwonyesha. Akaniambia sikusokota lakini niliwaza kusokota.

Nikaenda Mikumi, kwenye maduka ya spea. Muuzaji wa kwanza aliniuliza, "Kaka, hiyo pikipiki ipo hai, au una picha yake tu?" Nikamwambia ipo hai, inaumwa kifua. Akacheka, akamwita mwenzake aje naye acheke. Nilizunguka mpaka nikaishiwa na maduka, nikageuza. Nilirudi na lori, nimepanda nyuma juu ya mizigo ya mtu, vumbi limenifunika mpaka kope. Nilipofika nikamwamkia mzee shikamoo. Akaitikia marahaba, halafu ndio akauliza wewe nani.

Nikamwambia sponji hakuna. Akagusa godoro lake upande wa miguuni.

"Kata hapa. Miguu yangu yenyewe haijui iko wapi."

Nikacheka, na yeye akacheka. Nikaenda nyuma ya nyumba kutafuta kisu, nikakaa huko muda mrefu kuliko kisu kinavyotafutwa.

Nilikata kipande, nikakichonga mpaka kikaingia kwenye kiboksi chake, nikakiosha, nikakianika kivulini, nikakipaka oili na kukibinya mpaka kikaacha kudondoka. Kilikuwa na maua ya kitambaa cha godoro pembeni. Pikipiki ikawaka kiki ya pili. Mzee akafumba macho, akawa anaisikiliza kama mtu anayesikiliza redio.

Jirani yetu fundi alikuja kwa ile sauti. Alishika injini, akaangalia moshi, akanivuta pembeni ili mzee asisikie.

"Eaklina sio shida tena, kaka. Hii imekula mchanga miaka. Pistoni inacheza kama jino bovu."

Nikamuuliza hata kwenda tu, kurudi tutajua huko huko?

"Hata kwenda. Itakuacha pale nyumba za mwisho za Mabwerebwere."

Ningesemaje? Mzee alishavaa kanzu na kofia, kapaka mafuta mpaka masikioni, na shangazi kashaambiwa tangu asubuhi. Fundi akanisaidia kumpandisha, tukamfunga mgongoni kwangu kwa khanga mbili, kama mimi ndio mama yake. Tukatoka. Upepo ulikuwa mzuri. Mzee akaniambia sikioni, "Unasikia? Inapumua." Nyuma tulikuwa tunafukuza kuku kwa moshi.

Ikazima pale nyumba za mwisho. Fundi angekuwa mganga angetajirika. Watu waliokuwa wanakaanga mihogo wakaja kufungua khanga na kumshikilia mzee, nikapiga kiki mpaka goti likaniuma. Mzee akasema angalia eaklina. Nikaitoa, nikampa mkononi. Aliigeuza, akainusa.

"Ni safi," akasema.

"Ni safi, baba."

"Basi sio eaklina."

"Sio yenyewe."

Akaomba simu. Nikampigia shangazi, nikamshikia sikioni.

"Leo hapana," mzee akasema.

Shangazi nilimsikia mpaka mimi. "Na wali nimeshapika?"

"Kula."

Tulirudi nasukuma, mzee kakaa juu kama bwana harusi, wakaanga mihogo wamemshika huku na huku. Nikawatania kwamba tunatembeza gari la maonyesho. Mzee hakucheka. Na mimi nilikuwa nasukuma tu.

Jina la Zombo hatulitaji tena. Shangazi akipiga simu wanaulizana mvua, wanaulizana presha, basi. Pikipiki imeegemea ukuta, petroli nilishaitoa. Kwenye lile pengo la godoro amehamia paka. Lakini kila Ijumaa, swala ikishatoka, mzee ananiambia nifungue eaklina niioshe. Mwanzoni nilimuuliza ya nini. Sasa siulizi. Nafungua, naosha, nabinya, sisokoti, naanika kivulini.

Jioni anauliza imekauka? Nasema imekauka.

"Rudishia," anasema. "Vumbi lisiingie."

Narudishia.