Jibu Lililosukumwa Chini

Miaka ile ya mauaji upande wa Beni, sisi vijana waandishi wa Butembo tulikuwa na tovuti ya maswali na majibu. Watu waliuliza: njia iko wazi? Nani amemwona ndugu yangu? Wasomaji walipiga kura, kidole juu au kidole chini, na jibu lililopata vidole vitano vya chini lilifichwa. Mimi ndiye niliyelinda kura hizo.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Kalunguta, kwenye njia ya kwenda Beni, aliyeunga mkono chama ambacho mji wetu ulikichukia. Lolote alilojibu, hata kuhusu ugonjwa wa mihogo, lilizamishwa. Nilificha majina ili watu wapime maneno peke yake. Haikusaidia. Yeye pekee alimaliza kila jibu kwa "wasingya", shukrani ya Kinande, nao wakamtambua. Ningeweza kufuta kura za chuki, lakini niliogopa kuitwa mtu wake. Tena, naandika hili kwa aibu, kidole changu nacho kilikuwamo.

Asubuhi moja mama mdogo, aliyenilea mtaani Mususa, aliingia amejifunga kitenge cha kijani. Wifi yake alikuwa amefariki Beni, naye alikuwa anakwenda msibani.

"Soma kwa simu yako. Njia iko namna gani?"

"Jibu ya juu inasema iko muzuri, mama mudogo."

"Na ile ya chini?"

Lilikuwa limefichwa. Sikulifungua.

"Ni ya ule mwalimu. Siasa tu."

"Mais wewe! Sasa unakuwa juge, hakimu ya vidole?" Alicheka, akapanda pikipiki ya kukodi.

Vumbi lilipotulia ndipo nilipolifungua. *Musipite leo. Batu banakimbia mashamba. Wasingya.*

Nilimpigia mama mdogo, nikampigia, simu yake haikupatikana. Nililirudisha jibu juu. Kabla ya saa kupita, wakalizamisha tena. Jioni, ndugu wa Beni walisema hajafika.

Kesho yake niliuliza mwenyewe, kwa jina langu: nani amemwona mama mwenye kitenge cha kijani? Wengi waliandika pole. Jibu moja tu lilikuwa na mahali.

*Iko mama moja ndani ya kanisa yetu, Kalunguta. Ameumia, hawezi kusema. Kitenge ni ya kijani. Kuja mbio. Wasingya.*

Kidole chini. Kingine. Cha tatu. Nilikuwa nafunga kamba za viatu cha tano kilipoingia, na jibu likatoweka mbele ya macho yangu.