Upande Ambao Baba Yuko

Baba alikufa wakati wa mvua nyingi, akazikwa kwenye makaburi ya shamba la chai, juu ya kiwanda, kabla barua haijanifikia chuoni. Nilipofika Kericho sikulia. Niliangalia udongo nikawaza kama nilikuwa nimesimama upande wa kichwa chake au wa miguu.

Baba mdogo alikuwa amekuja kutoka kwetu, upande wa ziwani, na yago, lile tunda refu, zito, linalozikwa badala ya mtu ambaye mwili wake haukurudi nyumbani. Alitaka tuondoke naye Jumamosi. Chumba chetu kwenye laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa shamba, kilikuwa kimeshapewa mtu mwingine kuanzia Jumatatu.

Mama aliniuliza swali moja tu. Tukienda na tunda, baba atabaki hapa peke yake?

Ningesema hapana, ingetosha. Lakini nilikuwa nimesoma kitabu cha mwanateolojia mmoja na kukifikiria kupita kiasi. Nikachora mtu kwenye karatasi. Nikamweleza mama kwamba huyu, anayeishi ndani ya karatasi tu, anajua kushoto na kulia, mbele na nyuma, lakini hajui juu. Nikileta kidole juu yake hadi ibaki nafasi ya unywele, hakioni. Sisi nasi, aliandika yule msomi, tuna upande tusioujua, na roho ziko huko, karibu nasi kuliko shati.

"Kwa hiyo yuko humu ndani," mama akasema.

Nikasema huenda.

Akafungua sanduku alilokuwa amefunga, akaanza kurudisha nguo kwenye kamba.

"Msomi," baba mdogo akaniambia, "sasa mchoree na nyumba ya kulala Jumatatu."

Siku mbili nilijaribu kurekebisha. Nilisema aliye karibu hapa yuko karibu hata kwetu. Mama alisikiliza huku akichambua mboga. Mwishowe akauliza huyo aliyeandika alikuwa amefiwa na nani. Kitabu hakikusema.

"Na wewe, unaamini?"

"Sijui, mama."

"Hilo ungelisema kwanza."

Akasimama mlangoni, akamwita baba kwa jina, kwa sauti ya kumwita mtu aliyechelewa chakula. Akamwambia tunaondoka Jumamosi asubuhi, afuatane nasi, treni ya kwetu kwenye stesheni ya Fort Ternan haingoji mtu.

Mimi sikusikia kitu. Mama akangoja kidogo, kisha akaingia kufunga mizigo.