Kijitabu Nilichojifanya Nimekisoma

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Kwa Padri nimeshaungama, lakini moyo bado haujatulia. Ndugu msomaji, nivumilie nikusimulie. Jina langu niachie mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mji Mkongwe, na Jumapili husoma masomo kanisani. Kiswahili nakisoma vizuri. Kiingereza najua salamu na majina ya vitambaa, basi. Lakini kutwa nilitembea na gazeti la Kizungu kwapani, na watu wakaamini. Ujinga gani ule!

Akatokea mhubiri kutoka bara, akaanzisha maombi katika nyumba moja kule Ng'ambo. Alisema mwisho umekaribia na kwamba sisi wa makanisani tumeshapotea. Wenzetu kadhaa wakamfuata. Padri wetu akaagiza kijitabu cha Kiingereza kinachoeleza vikundi vya namna hiyo na jinsi ya kuvitambua. Kilipofika, yeye alikuwa anaondoka kwenda Pemba. Akanikabidhi mimi, nikisome niwaeleze watu. Nikaitikia, "Naam, Padri." Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli, nisiseme.

Siku ya pili akanijia dukani jirani yangu, Bi Agnesi, mjane. Binti yake Veronika alikuwa ameshaingia kwenye maombi yale pamoja na mwanawe Daudi, wa miaka minne. Bi Agnesi alitaka kumchukua mjukuu akae naye, lakini aliogopa kugombana na binti bure.

"Mwanangu, nnakuuliza wewe uliyesoma. Watu hawa ni salama?"

Kijitabu kilikuwa mezani, chini ya mkasi. Nilikifungua, nikapitisha kidole kwenye mistari, nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa.

"Nshakisoma chote, Bi Agnesi. Hawana neno. Biblia ni ile ile, wamezidisha kufunga tu."

Aliniombea baraka, akaenda zake. Mjukuu akamwacha kwa mama yake.

Haukupita mwezi, Daudi akapata surua, ikamwingia machoni. Mhubiri akakataza hospitali, akasema dawa ni upungufu wa imani, na Veronika akatii. Bibi alipopata habari na kumbeba mtoto mpaka kwa daktari, jicho la kulia lilikuwa limeshakufa. La kushoto linaona ukungu.

Padri aliporudi alikifungua kijitabu, akanisomea kwa Kiswahili: "Jihadharini na anayewakataza wagonjwa dawa, na watoto waangalieni kwanza." Ukurasa wa tatu! Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Nilikwenda kwa Bi Agnesi nikamweleza kweli yote. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Kwa nini hukusema hujui? Ningekipeleka kwa mwalimu wa skuli, si yuko hapo tu."

Tangu siku hiyo haniletei nguo. Nikimwamkia, huitikia "Marahaba" akitazama pembeni, na mimi nastahili.

Wenzangu, mficha uchi hazai. Vitabu vya kutuonya dhidi ya wahubiri kama yule vipo, lakini visomwe na anayevielewa, na asiyeelewa aseme wazi. Mimi ningesema "sijui", ningeona haya asubuhi moja, mambo yakaisha. Sasa Daudi hupita mbele ya duka langu akipapasa ukuta, nami huinamia cherehani nikijifanya nashona.