Dokta Pazia na Mikono ya Kuazima

"Nimesema kichwa kiko chini! Unataka niseme mara ngapi? Au masikio yako nayo yanataka kupimwa?"

"Na mimi nasema hakiko chini, mama. Shika tena."

"Sishiki! Mikono hii imezalisha nusu ya watu wa hapa. Leo wewe uliyekuja juzi na begi unaibishia?"

Wanaogombana hawaonani. Katikati yao limetundikwa shuka la maua lililopauka, kwenye kamba iliyofungwa msumarini upande mmoja na nondo ya dirisha upande wa pili. Huku, juu ya kigoda, amekaa muuguzi wa zahanati, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, uso ameuelekeza ukutani. Kule kitandani amelala mjamzito anayekaribia siku zake. Pembeni yake amesimama mama mkwe, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Serikali kwa sababu akishasema, imepita hiyo.

Muuguzi naye ana jina alilopewa. Anaitwa Dokta Pazia, na watoto humkimbilia barabarani wakilipigia kelele jina hilo kama vile ni la mcheza mpira.

Jina limetokana na kazi. Huku tumbo la mjamzito haliangaliwi na mwanamume asiye mume wake, sembuse kuguswa. Na muuguzi aliyeletwa ndiye huyu, mwanamume, peke yake kwa vijiji saba, na pikipiki ambayo ikifika kwenye kilima lazima ashuke aisukume. "Sijui nani anampanda mwenzake," anasema. Nusu ya mshahara inaishia kwenye mafuta na spea.

Aliyemtangulia hapa alikuwa mwanamume pia. Siku moja, katika haraka ya kuokoa mtu, alilivuta shuka. Mama yule alipona, mtoto akapona. Lakini habari ilifika vijiji vyote kabla yeye hajafika kwake, na mwaka mzima hakuna nyumba iliyomfungulia. Wanawake walijifungua kimya kimya.

"Wengine hawakuamka," anasema Dokta Pazia. "Kwa hiyo mimi pazia siligusi. Naazima mikono."

Anaazimaje? Yeye anauliza, mama mkwe anashika, anajibu. Ndivyo anavyopima wajawazito kwa mwaka wa sita sasa. Ile "juzi" ya Mama Serikali ina miaka sita.

Asubuhi hii ilianza vizuri tu.

"Juu kabisa, karibu na mbavu, unashika nini?"

"Matako."

"Laini au magumu?"

"Dokta, matako ni matako. Unataka nikuletee uyaone?"

Hata mjamzito alicheka. Muuguzi akacheka naye, akauliza ya chini, akajibiwa kichwa, kigumu, kimetulia. Majibu mazuri, tena ya haraka. Kisha akapitisha chini ya shuka kile kidude cha mbao cha kusikilizia mapigo ya mtoto, kama tarumbeta ndogo, akamwambia Mama Serikali atege sikio.

"Nayasikia. Yanakimbia kama cherehani."

"Umeyasikilizia wapi?"

"Hapa, sambamba na kitovu, upande wa kushoto."

Hapo kicheko kikamkauka. Kichwa kikiwa chini, mapigo husikika chini ya kitovu. Yakiwa sambamba na kitovu, pembeni, mara nyingi mtoto amelala kukingama. Mama Serikali hakulijua hilo, kwa hiyo sikio lake lilisema kweli. Mikono yake ndiyo iliyodanganya.

Na imejifunza kudanganya kutoka kwa Dokta mwenyewe. Miaka sita anauliza maswali yale yale, nyumba zile zile. Mama mkwe mwenye wakwe wanne ameshajua jibu gani linamfanya Dokta afunge begi aondoke, na jibu gani linaleta balaa la kupelekana mjini.

"Mama," anasema sasa, bado akiutazama ukuta, "uchungu ukimkuta hapa mtoto akiwa amekingama, hata ukilishusha hilo shuka mwenyewe, sina cha kufanya. Mtoto hatoki. Na tunampoteza na mama yake. Gari la chanjo linapita leo kurudi mjini. Likishapita, ni mpaka mwezi ujao."

"Aende mjini akapasuliwe! Halafu mwaka mzima asinyanyue hata sufuria! Mwanangu yuko migodini. Hawa wajukuu wawili nani anawaogesha? Maji nani anachota? Wewe?"

"Mama, shika tena."

"Sishiki nimesema!"

Muuguzi anafuta uso kwa kiganja, anakaa hivyo hivyo kiganja kikiwa usoni. Jana alikuwa kwenye kijiji cha mwisho, juzi pikipiki ilimlaza njiani. Mke wake na watoto wako mjini. Mara ya mwisho alipokwenda kuwaona, kitinda mimba wake alimwamkia, "Shikamoo, mjomba." Wote walicheka, na yeye alicheka, ila usingizi wa usiku ule hakuupata.

Kila mwaka anaomba aletewe muuguzi wa kike. Kila mwaka anaambiwa avute subira. "Akija, nitamkabidhi funguo, begi na hiyo pikipiki yenye kiburi. Halafu nitalala siku mbili mfululizo," anasema. "Mtu asiniamshe hata kwa chakula."

Shuka liko pale, mkono wake unalifikia. Kuvuta ni nukta moja tu. Angeona tumbo limetanuka ubavuni, ubishi ungekwisha, na huyu angepona. Halafu keshokutwa, nyumba ya jirani, angegonga na asifunguliwe.

Anaondoa kiganja usoni.

"Dada," anaita.

Hakuna anayeitika. Aliyelala kitandani hajasema neno tangu asubuhi, na pengine hakudhani anaitwa yeye.

"Dada, wewe uliyelala. Weka mikono yako mwenyewe tumboni. Kichwa kiko wapi?"

"Huyo anajua nini!" Mama Serikali anadakia. "Mtoto mwenyewe!"

"Ana watoto wawili, mama. Mwache aseme."

Kitanda kinalia. Mtu anajigeuza, anahema, anatulia. Halafu sauti inatoka, ndogo, yenye mikwaruzo ya kukaa kimya muda mrefu.

"Kiko huku. Ubavuni kushoto. Amelala kama mlevi kwenye benchi. Wiki nzima sasa, nikimgeukia ananipiga teke."

"Wiki nzima!" anamaka mama mkwe. "Na hukusema?"

"Nani aliniuliza, mama?"

Swali hilo muuguzi mwenyewe linamchoma. Miaka sita ya kuazima mikono, na hakuwahi kuomba ile iliyokaa juu ya tumbo kutwa kucha.

Kule nyuma ya shuka mtu anakaa, kwa uzito, ukingoni mwa kitanda.

"Nilikishika," anasema Mama Serikali. Sasa hana sauti ya serikali. "Tangu mwanzo nilikishika hapo ubavuni, Dokta. Ni huu mgongo wangu. Nikiinama kwenye kisima, kuna siku nadhani siinuki tena. Wewe hujui."

"Sijui, mama."

"Hujui kabisa."

"Nimechoka tu, kama wewe."

Mama Serikali anaguna. Si kicheko, lakini kimekaribia. Nje mjukuu mmoja anampiga mwenzake, analia aliyepiga. Hakuna anayeinuka kwenda kuamua.

"Gari likifika linasubiri?" anauliza baadaye.

"Nitamwambia dereva, lazima asubiri."

"Mwenzake wa kumshika mkono njiani?"

"Atakuwemo mama mmoja, mke wa mwalimu. Anarudi kwao."

Sanduku linavutwa chini ya kitanda. Kufuli linafunguka. Mjamzito anaanza kulia polepole, na mama mkwe anamwambia anyamaze, si yeye atakayebaki na hawa majambazi wawili, halafu anamuuliza kanga ipi anaitaka, ile mpya au ile ya harusi.

"Dokta!"

"Naam, mama."

"Bado uko hapo? Toka nje. Mtu hasafiri na gauni la kulalia, na wewe umejikalia hapo kama fenicha."

Anainuka, magoti yanalia. Mlangoni kuna madumu mawili ya maji, matupu. Anayatazama kwa muda, kama mtu anayetamani asingeyaona. Kisha anatundika begi begani, anayanyanyua yote mawili, anatoka, na anaufunga mlango kwa kisigino.